Ali, Halima na Khalid katika Kichujio Kimoja

Wasomi wa Kiswahili tumeyajadili sana majina ya wahusika katika riwaya na tamthilia. Jina la mtu aliye hai, linalotafutwa kila asubuhi katika daftari la anwani la baruapepe, tumewaachia mafundi wa tarakilishi. Makala haya yanadai kwamba kazi hiyo ni yetu pia.

Mtumiaji anapoandika jina katika programu kama Thunderbird iliyounganishwa na saraka ya chuo, swali husafirishwa kwa itifaki ya LDAP, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1993. Swali hilo hubeba kichujio, yaani masharti ya nani apite na nani abaki. Kifumbu cha bibi zetu hupitisha tui na kuzuia machicha. Kichujio hiki hujua herufi tu. Ukimtafuta Ali kwa sharti la "jina lenye herufi hizi", utaletewa Halima, Salim na Khalid. Kwa kawaida Thunderbird huomba majibu yasiyozidi 100. Katika chuo kikubwa, Ali unayemtaka huenda akawa wa 101.

Yapo masharti ya kulinganisha matamshi. Mbinu kongwe ya aina hiyo, Soundex, ilipewa hataza Marekani mwaka wa 1918. Huhifadhi herufi ya kwanza, hutupa irabu zinazofuata, na kuzipa konsonanti nambari. Kwa hesabu hiyo Mohamed na Muhammad wote ni M530, nasi twashukuru. Lakini Juma na Jane nao ni J500! Kipimo kinachotupa irabu hakiwezi kutufaa sisi ambao maneno yetu husimama juu ya irabu.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jina la ukoo. Kanuni za LDAP hulazimisha kila mtu awe nalo. Sasa tuchukue jina la kubuni: Mwanaisha Ali Salim. Ali ni baba, Salim ni babu; ukoo haumo. Karani hujaza "Salim" kwa kuwa nafasi lazima ijazwe, na tangu siku hiyo anayechuja kwa jina la ukoo humpata babu badala ya Mwanaisha. Wafasiri wanaoandika "jina la mwisho" hawajatatua lolote, kwani mwisho wa jina la Mswahili hutegemea msemaji ameamua kukomea kwa babu wa ngapi.

Isitoshe, kuna ritifaa. Ng'ang'a aliyesajiliwa kwa ritifaa iliyonyooka hapatikani na anayeandika iliyopinda, ingawa jicho la msomaji halioni tofauti.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kiufundi. Sikubaliani nao. Alama za mtihani zikitumwa kwa Salim asiyehusika, hasara si ya kiufundi. Tena dawa imo ndani ya kanuni zenyewe: sehemu ya jina kamili huruhusiwa kubeba thamani zaidi ya moja. Mwanaisha aweza kusajiliwa kama Mwanaisha Ali, Mwanaisha Salim na hata Mwana Isha, naye Ng'ang'a akaandikwa kwa ritifaa zote mbili na pasipo ritifaa. Idara za Kiswahili ziandae mwongozo wa tahajia na mpangilio wa majina, kisha ziukabidhi kwa wasimamizi wa saraka kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajasajiliwa.