Mtoto anayechelewa asipotelee kati ya afisi mbili

Kuna mtoto katika nchi hii ambaye hana afisi, ingawa wazazi wake wako hai na sheria za kumlinda ni tele. Ni yule mtoto wa mwaka mmoja, miwili au mitatu ambaye amechelewa kuketi, kutembea, kusikia au kusema. Hajatimiza umri wa kwenda shule, kwa hivyo mwalimu hamjui. Amemaliza chanjo, kwa hivyo muuguzi hamwoni tena. Hana homa wala kidonda, kwa hivyo mama yake huambiwa amrudishe nyumbani na kusubiri. Mara nyingi hali yake huja kutambuliwa rasmi akiwa ameketi darasani, na kufikia hapo miaka iliyokuwa na faida kubwa zaidi kwake imekwisha kupita.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, waliishi watu 1,872,436. Wengi husema kwamba dawa ya tatizo hili ni fedha na majengo. Fedha zinahitajika, hilo halina ubishi. Hata hivyo, naamini kwamba upungufu wa kwanza ni uratibu. Huduma kadhaa zipo tayari, lakini zimetawanyika, na hakuna mtu aliyepewa jukumu la kumshika mtoto mkono kutoka moja hadi nyingine.

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Jedwali lake la Nne linazipa serikali za kaunti huduma za afya, elimu ya chekechea na malezi ya watoto wadogo. Elimu maalum, kwa upande wake, imebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba muuguzi wa zahanati ya kijijini na mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, hali afisa anayepima watoto wenye mahitaji maalum anawajibika kwa Wizara ya Elimu. Hata hao wawili wa kaunti huwa chini ya idara mbili tofauti. Wahenga walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika jambo hili chombo hakina hata nahodha mmoja.

Tuchukue mfano wa Keroka. Mji huo umekalia mpaka wa Kisii na Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kaunti hizi mbili zimezozana kuhusu nani atoze ushuru pale. Mama anayeishi upande wa Nyamira na ambaye mtoto wake wa miaka miwili hajatamka neno lolote ataanzia zahanati iliyo karibu naye. Huenda akatumwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na kutoka huko katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ili masikio yapimwe. Akipata jibu huko, ataambiwa amtafute afisa wa elimu. Kila mahali ataanza hadithi upya, atalipa nauli upya, na ataacha jina la mtoto katika daftari lisilosomwa na afisi nyingine. Siku ya soko au ya kuchuma chai ikigongana na siku ya miadi, safari hukatika. Afisi ya kwanza haitajua kwamba hakufika ya pili, na ya pili haikujua kwamba alikuwa anakuja.

Itakumbukwa kwamba wazo la kuwapima watoto mapema si geni kwetu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianzisha huduma za kupima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shuleni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliundwa ili kuwafunza walimu wa fani hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaitaka Bodi ya Elimu ya Kaunti ishauriane na serikali ya kaunti ili pawe na vituo vya kupimia watoto. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataja upimaji na usaidizi wa mapema. Kisha zikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025. Kwa karatasi, basi, hatujambo. Lakini kituo cha kupimia watoto kilicho chini ya afisi ya elimu humpata hasa mtoto aliyekwisha kufika shuleni. Wa miezi 20 hana njia ya kukifikia isipokuwa mtu wa afya amwelekeze.

Je, kwa nini haraka hii? Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka ya mwanzo, na mafunzo ya wakati huo huzaa matunda ambayo hayapatikani kwa urahisi baadaye. Mfano ulio wazi ni wa kusikia. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1998 na Christine Yoshinaga-Itano na wenzake ulionyesha kwamba watoto viziwi waliotambuliwa kabla ya kutimiza miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko wale waliotambuliwa baadaye. Kiziwi aliyeanza kuonyeshwa lugha ya ishara akiwa mchanga ana lugha. Aliyeachwa hadi miaka saba bila ishara wala sauti amenyimwa lugha yenyewe, na hasara hiyo hufuata kusoma, kuhesabu na kufikiri kwake.

Mambo yanayosababisha ucheleweshaji huu yanajulikana pia. Kuna watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliozaliwa kabla ya wakati, au waliopata umanjano mkali ambao haukutibiwa upesi. Katika milima ya Gusii, ambako malaria ilizuka kwa mlipuko mara kadhaa katika miaka ya 1990, wapo waliopona malaria iliyopanda kichwani lakini wakabaki na madhara. Wengi wa watoto hao walilazwa au walizaliwa hospitalini. Majina yao yanajulikana siku wanapotoka wodini. Kuwafuatilia hakuhitaji msako wowote. Kunahitaji mtu mmoja aliyeagizwa kufanya hivyo.

Sasa niligeukie suala la lugha, ambalo wapangaji wa huduma hizi hulipita haraka. Mtoto wa miaka miwili wa Ekerenyo au Ogembo huzungumza Ekegusii, kama anazungumza. Akipimwa kwa maswali yaliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa papo hapo na muuguzi, matokeo huweza kupotosha pande zote mbili. Ekegusii hakina sauti ya l. Mtoto asemaye "kurara" badala ya "kulala" hana kasoro ya ulimi. Ametumia sauti aliyorithi kwa mama yake. Aidha, vipimo vingi vya kigeni huhesabu maneno. Katika lugha za Kibantu neno moja hubeba mzigo wa sentensi nzima. Mtoto anayesema "amenipiga" ametamka neno moja, lakini kwa Kiingereza angehitaji manne. Ukimhesabia neno moja umemwonea. Kadhalika, mtoto mwenye shida ya kweli huweza kuachwa kwa kisingizio kwamba anachanganyikiwa na lugha tatu za nyumbani, redioni na barabarani, ilhali mtoto mzima huzimudu lugha hizo bila taabu.

Mila za malezi nazo zina uzito wake. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti Gusii katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu kuhusu malezi ya watoto mwaka 1994, walionyesha kwamba akina mama wa Gusii walikuwa wepesi wa kumbeba na kumtuliza mtoto anayelia, lakini hawakumzungumzisha sana ana kwa ana kama walivyofanya akina mama wa Boston. Sehemu kubwa ya ulezi ilikuwa mikononi mwa omoreri, yaani yule dada au ndugu mkubwa anayemchunga mdogo wake. Kwa hivyo, muuguzi anayemuuliza mama peke yake iwapo mtoto huitikia jina lake huenda hajamuuliza mtu anayejua zaidi. Tena, tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, omoreri mwenyewe yuko shuleni, na mtoto amebaki na nyanya au jirani. Swali linafaa kuwafikia hao.

Kwamba tunaweza kuwa na vipimo vyetu wenyewe si ndoto. Huko Kilifi, Amina Abubakar na watafiti wenzake walitunga kipimo cha maendeleo ya watoto wachanga kilichotokana na mazingira ya pwani, na matokeo ya kukijaribu yalichapishwa mwaka 2008. Kilichowezekana Kilifi kinawezekana Kisii.

Kuhusu uratibu wenyewe, lipo funzo moja kutoka Marekani. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwasaidia watoto wadogo wanaochelewa, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Kila jimbo lilitakiwa kutaja afisi moja inayoongoza, iwe ya afya au ya elimu. Kila familia hupewa mratibu mmoja na mpango mmoja ulioandikwa, na kanuni zao huweka siku 45 tangu mtoto anapoelekezwa hadi kikao cha kuandika mpango huo. Hatuna utajiri wa Marekani, wala sipendekezi tuige kila kitu. Lakini mtu mmoja, karatasi moja na tarehe ya mwisho ni mambo ambayo hayahitaji utajiri.

Karatasi tunayo. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho hupewa mama kliniki, huorodhesha hatua za makuzi: kutembea kati ya miezi 12 na 18, kutamka maneno kati ya miezi 9 na 24. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa katika miezi 18, na baada ya hapo safari za kliniki hupungua. Basi siku hiyo ya miezi 18 iwe siku ya kumtazama kila mtoto kwa makini, kwa orodha ya Ekegusii, na jibu liandikwe kijitabuni pamoja na jina la anayempokea na tarehe. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 walizinduliwa rasmi nchini Septemba 2023, wanaingia nyumbani mwa watu. Waongezewe kazi ya kuuliza kama mtoto aliyeelekezwa alifika.

Mtu naye apatikane. Kisii ina maeneo bunge 9 na Nyamira 4. Waratibu 13 wangetosha kuanza, wakiteuliwa miongoni mwa watumishi waliopo, na mara moja kwa mwezi muuguzi, mwalimu wa chekechea, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na afisa wa kupima watoto wakutane katika kituo cha afya siku ya kliniki. Wataalamu wanne wakisafiri, mama mia moja hawatasafiri. Katiba, katika kifungu cha 189, inaruhusu serikali kuunda kamati za pamoja. Magavana wa kaunti hizi mbili wakishirikiana na Wizara ya Elimu, hawana haja ya kusubiri sheria nyingine.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni ya wazee wanaosema kwamba mtoto atasema wakati wake ukifika. Ni kweli kwamba wengine huchelewa na kisha wakasema vyema. Lakini hakuna mzee awezaye kujua kwa kutazama tu yupi ni yupi, na aliyepimwa akaonekana mzima hajapoteza kitu. Ya pili ni nzito zaidi: ya nini kumtambua mtoto ikiwa wataalamu wa tiba ya usemi ni haba? Najibu kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanywa nyumbani. Mama aliyeonyeshwa jinsi ya kumketisha mtoto mwenye utindio wa ubongo, jinsi ya kumlisha asipaliwe, na jinsi ya kumzungumzisha mwenye usonji, hufanya kila siku kile ambacho mtaalamu angefanya mara moja kwa mwezi. Isitoshe, familia iliyopewa maelezo huacha kumtafuta mchawi na kuacha kumficha mtoto kwa aibu.

Kwa walimu wasomaji wa ukurasa huu, nyinyi wa chekechea ndio jicho la kwanza la taifa baada ya mama. Mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyeonyesha kitu kwa kidole, anayeanguka kuliko wenzake, msimwite mjinga wala mkaidi. Andikeni mlichokiona, kwa tarehe, na mtake jibu kwa maandishi. Kwa wanafunzi wa vyuo, hususan wale wa isimu na ualimu mnaotoka Gusii: hadi leo hatuna rekodi ya kutosha ya jinsi mtoto anavyojifunza Ekegusii kati ya mwaka mmoja na mitatu. Kila mmoja wenu ana ndugu mdogo au mpwa nyumbani. Kuandika maneno yake kwa utaratibu likizo hii ni kazi ya kitaaluma, na orodha ya kliniki ya Ekegusii haitaandikwa bila kazi ya namna hiyo.

Mtoto aliyetimiza miezi 18 leo huko Keroka atakuwa na miaka mitatu baada ya mwaka na nusu. Serikali mbili za kaunti na wizara moja zinajua anapoishi. Zikae meza moja, zimtaje mratibu wake, na zitangaze jina hilo kwa wazazi kabla ya muhula ujao kuanza.