RAM yapanda bei: kuunganisha kompyuta ya kwanza nyumbani kwageuka mlima kwa vijana wa mashariki mwa Kongo

Kwa muda mrefu, kijana wa Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi aliyekosa pesa za kununua kompyuta mpya alikuwa na njia moja ya kujikwamua: kununua vipande kimoja kimoja, mwezi baada ya mwezi, kisha kuviunganisha yeye mwenyewe nyumbani. Njia hiyo haijafungwa, lakini tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 imekuwa ngumu kupita zamani. Kipande chembamba kinachoshikwa kwa vidole viwili, memori ya RAM, ndicho kimegeuka kizuizi.

Kwenye soko la Marekani, jozi ya RAM aina ya DDR5 yenye gigabaiti 32 ilikuwa inauzwa karibu dola 100 katikati ya mwaka 2025. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepita dola 300. Hiyo ni bei ya dukani kule. Inapofika mashariki mwa Kongo, inaongezewa usafiri, malipo ya mpakani, TVA ya 16% na faida ya kila mchuuzi aliyeishika njiani.

Jambo hili haliwahusu wapenda michezo ya video peke yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu asiye na mashine nyumbani anaandikisha kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye sekretaria ya barabarani, ukurasa kwa ukurasa, na kila mara mwalimu anapomrudishia masahihisho analipa tena. Anayetaka kujifunza uhasibu, kuchora ramani za nyumba, kupanga video ao kuandika programu hafiki mbali kwa simu peke yake. Kompyuta ya kwanza ndani ya nyumba ni chombo cha kazi, sawa na cherehani kwa fundi nguo.

Akili bandia yala memori ya wengine

Karibu memori yote ya dunia ya aina ya DRAM inatoka kwa makampuni matatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Tangu mashindano ya akili bandia yaanze, wateja wao wakubwa wamekuwa wenye vituo vya data, ambao wanahitaji memori ya pekee inayoitwa HBM. Memori hiyo inakula nafasi kubwa kiwandani. Kwa maelezo ya Micron yenyewe, kiasi kimoja cha HBM kinachukua karibu mara tatu ya silikoni inayohitajika kwa kiasi hichohicho cha DDR5. Kila silikoni inayopelekwa huko inapunguza RAM ya watu wa kawaida.

Tarehe 3 Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo chini yake ilikuwa inawauzia watu wa kawaida RAM na diski za SSD kwa miaka 29. Ilisema itaendelea kuwapelekea wauzaji bidhaa hizo hadi mwisho wa Februari 2026, na haikuficha sababu: inataka kuhudumia vituo vya data kwanza. DDR4, kizazi cha nyuma ambacho kingekuwa kimbilio la wenye mfuko mdogo, nayo imepanda kwa kuwa viwanda vimepunguza kuitengeneza.

Kwa maneno mengine, kijana wa Himbi ao wa Kadutu anayetafuta gigabaiti 8 tu yuko kwenye foleni moja na makampuni tajiri kuliko yote duniani. Na foleni hiyo inaenda kwa nguvu ya pesa.

Madini yatoka hapa, bei yarudi juu

Kwa wakaaji wa Kivu, habari hii ina uchungu wake. Tantali inayotolewa kwenye koltani hutumika katika kapasita ndogo za simu na kompyuta, na pia ndani ya chipu zenyewe, ambako utando wake mwembamba huzuia shaba ya nyaya isivuje kuingia kwenye silikoni. Rubaya, katika wilaya ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu 15% ya tantali ya dunia. Risasi nyeupe inayounganisha kila kipande kwenye ubao mkuu ni bati kwa sehemu kubwa, na Bisie, huko Walikale, ni mojawapo ya migodi mikubwa ya bati duniani. Shaba ya Katanga nayo imo kwenye nyaya.

Lakini hakuna chipu wala RAM inayotengenezwa nchini Kongo. Madini yanatoka yakiwa mchanga, yanazunguka Asia, na yanarudi yakiwa kipande chenye bei ambayo mchimbaji aliyeyatoa hawezi kuilipa.

Vita imezidisha umbali huo. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba kodi za koltani zilikuwa zinaliingizia kundi hilo karibu dola 800,000 kwa mwezi. Walieleza pia kwamba sehemu ya koltani hiyo inavushwa kwa magendo kuingia Rwanda, shutuma ambazo Kigali inazikataa. Mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi Machi 2025 wakati mapigano yaliposogea, ukaanza tena mwezi uliofuata.

Vita hiyohiyo imegusa mnunuzi wa vipande. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, Januari na Februari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Mtu asiyeweza kulipa kwa kadi ya benki wala kupokea mzigo kwa ndege anabaki na pesa za simu na wachuuzi wanaopita Gisenyi ao Kampala. Beni na Butembo hutegemea mpaka wa Kasindi; Lubumbashi hutegemea Kasumbalesa. Kila njia ina gharama zake, na mnunuzi wa kipande kimoja hana nguvu ya kubishana bei kama mwenye kontena.

Wimbi la mashine za zamani

Wakati RAM inapanda, kuna mlango mwingine uliofunguka. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanalindwa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta nyingi ambazo bado zinafanya kazi vizuri hazitimizi masharti hayo. Maofisi ya Ulaya na Marekani yanaziondoa, na nyingine zinaishia kwenye masoko ya Afrika.

Hapo ndipo maana ya kuunganisha kompyuta inabadilika. Badala ya kununua kila kitu kikiwa kipya, mwenye pesa kidogo anaweza kuchukua mashine ya ofisi ya okazio ambayo tayari ina prosesa, ubao na RAM, halafu akabadilisha diski ya zamani kwa SSD, akasafisha vumbi na kupaka upya dawa ya kupozea prosesa. RAM iliyomo ndani sasa ni sehemu ya thamani kuliko zamani. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuwasha mashine mbele ya muuzaji na kusoma kiasi cha memori kwenye skrini, kwa kuwa kipande hicho ndicho rahisi zaidi kuchomolewa kabla ya kuuza.

Kwa mashine ambayo Windows 11 inaikataa, Linux Mint ni jibu lisilo na malipo. Watengenezaji wake wanasema inaanza kufanya kazi na gigabaiti 2 za RAM, na wanashauri 4. Pamoja na LibreOffice inatosha kuandika, kupiga hesabu na kuingia intaneti. Kutumia nakala ya Windows ya kuiba, isiyopata masasisho, katika miji ambako kila faili hupita kwenye kle za USB za sekretaria na saiba, ni kualika virusi nyumbani.

Hatari nyingine ni kwamba okazio na takataka husafiri ndani ya kontena moja. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo ilithibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unadai nchi inayopokea itoe kibali kabla ya takataka zote za elektroniki kuvuka mpaka. Lakini mashine inayotangazwa kuwa imetumika tu inaweza kupita bila kuhesabiwa kuwa takataka, hata kama hakuna aliyeijaribu kuiwasha. Mwenye kupata hasara ni mnunuzi wa mwisho.

Kuunganisha si kazi ngumu, umeme ndio mtihani

Kwa anayeamua kununua vipande, kosa la kwanza hutokea kabla ya kushika bisibisi: kuchanganya vizazi. RAM ya DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5. Ubao wa AMD wa AM4 unapokea DDR4. Ule wa AM5 unataka DDR5 pekee. Kwa bei za sasa, AM4 inabaki kuwa chaguo la mwenye pesa kidogo. Kosa la pili ni kununua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina, ambayo haina sehemu ya picha. Bila karte grafiki, mashine inawaka na skrini inabaki nyeusi.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Prosesa, kipoza chake na RAM huwekwa kwanza kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita karte mere, juu ya meza kavu. Mikono iguse chuma kwanza ili umeme tuli utoke mwilini. Mashine ijaribiwe kabla ya kufungwa ndani ya boksi, maana ni rahisi kuona kosa wakati kila kitu kiko wazi. Anayeweza kununua kipande kimoja tu cha RAM aanze nacho, aache tundu la pili likisubiri.

Mahali pasipostahili kubana pesa ni alimantasio, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Nchini Kongo umeme wa nyumbani ni volti 220. Baadhi ya alimantasio za zamani zilizotoka Marekani zina kidude chekundu cha kuchagua volti. Kikiachwa kwenye 115, kuchomeka mara moja tu kunatosha kuiunguza. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini, na kuranti inayokatika na kurudi kwa nguvu huua diski na ubao. Stabilizatere ni ya lazima, na ondulere yenye betri inafaa kuingia kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Hilo linagusa swali kubwa zaidi. Karibu Mkongomani mmoja tu kati ya watano ana umeme nyumbani. Kwa familia inayotegemea sahani ya jua, laptopu ya okazio inayokula umeme kidogo ni uamuzi wa busara kuliko mashine ya mezani, hata kama kuibadilisha vipande ni vigumu zaidi.

Kilicho mikononi mwa viongozi

Kinshasa haiwezi kuilazimisha Micron wala Samsung kushusha bei. Lakini ina mambo yake. Kanuni ya Dijitali iliyotiwa saini Machi 2023 ilitangaza nia ya kuiingiza nchi katika uchumi wa kidijitali. Nia hiyo haiendani na TVA ya 16% juu ya RAM ambayo mwanafunzi anainunua kwa akiba ya miezi sita. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mpaka wa Kasindi ungeweza kuwa na orodha moja iliyo wazi ya malipo ya vifaa vya kompyuta, iliyobandikwa ukutani ambako kila mchuuzi anaisoma.

Vyuo vikuu navyo vinaweza kununua vipande kwa pamoja, na kufungua karakana ambako mashine za okazio zinajaribiwa, zinatengenezwa na kuuzwa kwa wanafunzi zikiwa na dhamana. Ni kazi ambayo mafundi wa barabarani tayari wanaijua. Wanachokosa ni mahali pa kufanyia na vifaa vya kupimia.

Viwanda vipya vya memori huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kutegemea bei kurudi chini haraka. Kwa sasa, mwenye RAM nzuri ndani ya mashine ya zamani asiitupe wala kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Kipande hicho kinaweza kuwa mwanzo wa kompyuta ya mdogo wake.