Superman na Mzaliwa wa Nairobi

Filamu ya Superman ya James Gunn, iliyotolewa Julai 2025, imenipendeza kwa yakini. David Corenswet si shujaa wa kushinda tu; mwanzoni twamwona kaanguka kwenye theluji, hoi. Lakini aliyeniteka moyo ni Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, aliyecheza kama Mister Terrific. Huyu hakujaliwa nguvu za miujiza. Ana elimu, na vitufe alivyovibuni vinavyoruka angani kumpigania. Laiti angalipewa nafasi ya yule mbwa Krypto, tusameheane! Vijana wetu wakitoka sinema huigiza ngumi tu. Safari hii mpwa wangu alinyamaza njia nzima, kisha akauliza: "Mjomba, elimu ile husomwa wapi?"