Desturi ya Nani?

Mwandishi aliyedai juzi kwamba utumwa wa Zanzibar haukuwa kosa, kwa kuwa ulikuwa desturi ya zama zake, ameruka swali moja: desturi ya nani? Waliouzwa kwenye soko la watumwa la Mkunazini nao walikuwa watu wa zama hizohizo, na hakuna aliyewauliza. Walipopata mwanya walitoroka. Huko bara ya Malindi watoro walijenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwamo, wakawa tayari kupigana wasirudishwe. Hao hawakuhitaji mwanafalsafa wa leo awaambie kwamba wanadhulumiwa.

Mavazi, mahari, namna ya kuamkiana: hayo kila jamii na yake, sina ugomvi. Lakini tukiishika hoja ya mwenzetu, basi Sultani Barghash alipolifunga soko hilo mwaka 1873 (kwa kutishwa na manowari za Waingereza, tusimpambe bure) hakuna kilichotengemaa. Desturi ilibadilika tu, kama mshono wa kanzu. Na masuria, walioachwa nje ya amri ya uhuru ya 1897, hawakuwa na la kulalamikia. Anayeweza kuyatamka hayo mbele ya wajukuu wao, na ayatamke. Mimi nasema ilikuwa dhuluma siku ileile ilipotendwa.