Figo Mpya na Pombe: Kwa Nini Kipimo cha Ulaya Hakitoshi Hapa

Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kutoa huduma hiyo. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji figo alilazimika kwenda nje ya nchi, hasa India. Mjadala wa umma tangu wakati huo umejikita zaidi katika gharama za upasuaji na idadi ya wataalamu. Maisha ya mgonjwa baada ya kurejea nyumbani yamezungumzwa kidogo, likiwemo swali ambalo wengi huliuliza pembeni badala ya kliniki: je, aliyepandikizwa figo anaruhusiwa kunywa pombe?

Swali hilo si la kubezwa. Mtu aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, huku hata maji ya kunywa akipimiwa, sasa ana nguvu za kuhudhuria harusi na misiba kama wenzake. Tena anashauriwa kunywa maji ya kutosha. Hapo ndipo imani ya mitaani kwamba bia husafisha figo inapomkuta. Imani hiyo ina chanzo kinachoonekana, kwani mnywaji wa bia hukojoa mara kwa mara. Hata hivyo, hukojoa kwa sababu pombe huzuia homoni inayousaidia mwili kutunza maji. Matokeo yake huweza kuwa upungufu wa maji mwilini, hali inayoweza kuidhuru figo iliyopandikizwa.

Uzito wa suala hili, hata hivyo, umo katika dawa. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa kwa muda mrefu, uliofanyika Boston, Marekani, mwaka 1954, ulihusu mapacha wa kufanana, hivyo mwili wa mpokeaji haukuikataa figo ya nduguye. Wapokeaji wengine hawana bahati hiyo. Hutumia dawa za kushusha kinga ya mwili kwa muda wote ambao figo inafanya kazi. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kiwango chake katika damu hupimwa mara kwa mara: kikipungua, mwili unaweza kuishambulia figo, kikizidi, dawa yenyewe huidhuru. Usiku mmoja wa ulevi unatosha kumsahaulisha mtu dozi au kumfanya aitapike. Ipo pia takrolimasi ya kumezwa mara moja kwa siku, ambayo maelezo yake yanaonya isichanganywe na pombe, kwa kuwa pombe inaweza kubadili kasi ya dawa kuachiliwa mwilini. Isitoshe, dawa hizi huweza kuleta shinikizo la damu na kisukari, na kinga iliyoshuka huongeza hatari ya saratani. Pombe nayo hupandisha shinikizo na kusababisha baadhi ya saratani.

Wapo wanaojibu kwamba tafiti za Ulaya hazikuona madhara. Hoja hiyo ina msingi na inastahili kujibiwa. Utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha takriban wapokeaji 600, ulionesha kwamba wanywaji wa wastani walipata kisukari kipya na vifo kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa. Lakini utafiti wa namna hiyo huangalia tu nani anakunywa na nini kilimpata. Hauthibitishi kwamba pombe ndiyo iliyomlinda. Wagonjwa wengi walio dhaifu huacha pombe kwa sababu ya udhaifu wenyewe, kisha huhesabiwa miongoni mwa wasiokunywa. Januari 2023, Shirika la Afya Duniani kupitia ofisi yake ya Ulaya lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Tena, neno “wastani” lina maana pale kinywaji kinapopimika. Chupa ya bia ya kiwandani imeandikwa ujazo na kiwango cha kilevi. Mbege ya Kilimanjaro au ulanzi wa Iringa hauna kibandiko. Ukali wake hubadilika kadiri unavyochacha, na mara nyingi hunywewa kwa chombo kinachozunguka midomo mingi. Kwa mwenye kinga iliyoshushwa, chombo hicho ni njia ya maambukizi. Gongo ni hatari zaidi, kwani inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Kwa hiyo, jibu salama kwa mpokeaji wa hapa nchini ni kutokunywa, na anayetaka kufanya vinginevyo azungumze kwanza na daktari wake. Mazungumzo hayo yanahitaji faragha. Swali “unakunywa?” likiulizwa mbele ya kaka au dada aliyejitolea figo yake, ni nadra kupata jibu la kweli, na daktari asiyejua ukweli anaweza kubadilisha dozi kwa sababu isiyo yenyewe. Aliyezoea kunywa sana kila siku asikatishe ghafla bila usimamizi wa kitabibu, kwa kuwa anaweza kupata degedege. Naye mchangiaji, aliyebaki na figo moja, aulizwe maswali hayohayo kila anapohudhuria kliniki.