Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini na Nani?

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twapenda kuitaja, ila twasahau kuwa ndani yake mna watu wawili, anayecheza na anayetunza. Leo, ndugu msomaji, nataka kusema na huyu wa pili, yaani shabiki.

Wapiga ngoma na waimbaji wa asili wanayo mikusanyiko yao. Bagamoyo kuna Tamasha la Sanaa na Utamaduni lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Unguja kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo makao yake kwa miaka mingi yamekuwa Ngome Kongwe. Katika mikusanyiko ya namna hii usiku ni wa jukwaa, na mchana huwa na warsha na mijadala. Usiku mashabiki hufurika. Mchana viti hukaliwa na wasanii wenyewe, maofisa na wafadhili. Shabiki yuko ufukweni, au amelala akingojea jua lizame. Ukimuuliza atakujibu: "Mimi si msanii, nikafanye nini huko?"

Jibu hilo halifai. Katika muziki wetu wa asili msikilizaji hakuwa mtu wa pembeni hata siku moja. Ngoma bila waitikiaji hupooza. Katika taarabu, aliyeguswa na ubeti huinuka akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya hadhara, na kwa tunzo hiyo mwimbaji hujua kuwa neno limefika. Basi mtu mwenye kauli nzito kiasi hicho akikosekana penye mashauri, nani atamsemea? Wafadhili watanena habari za bajeti, na maofisa habari za vibali. Nani atauliza kwa nini ngoma iliyokuwa ikikesha imekatwa ikawa ya dakika chache ili itoshe kwenye ratiba? Nani atauliza akina mama wa Kigogo wapigao ngoma za muheme wanamrithisha nani ujuzi wao?

Ukimya wetu una hasara zake. Hukwe Zawose, bingwa wa ala za ilimba na zeze aliyefanya kazi Bagamoyo, albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Si vibaya wageni kumpenda. Vibaya ni sisi kuwaachia wao peke yao kazi hiyo. Sauti za Busara nalo halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Tamasha linalotegemea mfuko wa mbali hulala siku mfuko huo unapofungwa.

Wapo watakaosema maisha ni magumu, nauli na kiingilio ni mzigo. Kwa wengi ni kweli, nao hawalaumiwi. Lakini wapo pia wanaolipa kiingilio cha mpira bila kunung'unika, kisha wakifika penye ngoma hutaka kuingia bure kwa kuwa eti ni vitu vya kwetu. Kwani cha kwetu hakina jasho?

Basi ukienda, nenda kama mwenyeji. Mosi, hudhuria warsha. Keti, sikiliza, uliza. Swali la shabiki aliyelipa nauli yake lina uzito ambao ripoti ya mfadhili haina. Pili, mjue mpigaji kwa jina lake na kijiji chake, na ukitaka kurekodi au kumpiga picha, omba ruhusa. Tatu, kama ana kanda au ala za kuuza, nunua mkononi mwake wala usimpunje. Nne, simu iweke mfukoni wakati wa kuitikia: mikono iliyoshika simu haipigi makofi. Tano, mchukue mtoto, alione zeze likipigwa na mtu aliye hai mbele yake.

Wala kazi yako haiishii getini. Tamasha huja mara moja kwa mwaka, lakini harusi zipo kila Jumamosi. Utakapoketi kwenye kamati ya harusi ijayo, kabla hamjapitisha fedha za dijei, simama upendekeze kikundi cha ngoma cha mtaani kwenu. Na mkikubaliana, hakikisha wamelipwa siku hiyo hiyo, kabla hawajafunga ngoma zao.