Hiyo Fomu ni ya Ofisi, ama ni ya Mtu?

Wasee, leo tuongee kuhusu fomu. Si zile za karatasi za kwa chifu, hizi za mtandaoni. Unatafuta atachi? Fomu. Unaomba basari? Fomu. Warsha ya siku moja yenye soda na mandazi? Fomu. Na karibu zote zinataka vitu vile vile: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kaunti, na wakati mwingine jina la mzazi na picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Tunajaza tukiwa kwa matatu, tunabonyeza tuma, tunasahau.

Sasa swali. Ukishabonyeza hapo, taarifa zako zimeenda kwa nani? Wengi watasema, "Si kwa shirika?" Si lazima. Zinaweza kuwa zimeenda kwa mtu mmoja tu, kwa akaunti yake binafsi. Ndiyo maana nasema hivi: shirika lolote linalokusanya taarifa za watu lidhibiti jinsi wafanyakazi wake wanavyotengeneza fomu. Sijasema lizipige marufuku. Nimesema lidhibiti.

Chukua mfano. Ni saa kumi jioni, bosi anamwambia intani, "Tengeneza fomu ya wale vijana wa training, iende leo leo." Intani hajapewa barua pepe ya ofisi, kwa hivyo anafungua Gmail yake, ile ile ya kuangalia YouTube. Dakika kumi baadaye linki iko kwa magrupu ya WhatsApp. Vijana 400 wanajaza. Miezi mitatu ikiisha, intani anamaliza mkataba, anaaga, anaenda zake. Zile nambari 400 za kitambulisho ziko wapi? Ziko kwa Gmail yake, kwa sababu fomu ni mali ya akaunti iliyoitengeneza. Ofisi ikitaka kuzifuta, inabidi impigie simu na kumwomba. Na siku matapeli wakiiba hiyo akaunti, wanaibeba na majina yenu yote.

Na si lazima mtu aibiwe. Jedwali la majibu likiwekwa wazi kwa yeyote mwenye linki, linki ikizunguka, mambo yako yamezunguka nayo. Kuna pia mpangilio kwa Google Forms unaoruhusu mtu aliyejaza kuona muhtasari wa majibu ya wengine. Mtu mmoja mwenye haraka akiuwasha bila kufikiri, umejua mambo ya watu ambao hujawahi kukutana nao. Na wao wamejua yako.

Mimi simlaumu intani. Alipewa kazi bila kifaa na bila mwongozo, akaimaliza kwa wakati. Wa kuulizwa ni ofisi.

Na sheria inaangalia upande huo huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa zikusanywe kwa sababu maalum, ziwe zile zinazohitajika tu, na zisikae kuliko inavyohitajika. Kabla hujajaza, una haki ya kuambiwa zinakusanywa kwa nini na nani mwingine atazipata. Kitu ambacho wengi hawajui: majina ya wazazi wako, watoto wako ama mke au mume wako yako kwenye kundi la data nyeti, pamoja na taarifa za afya. Kwa hivyo ile fomu ya basari inayouliza jina la mama si mchezo.

Tena, taarifa zikiangukia mikono isiyoruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya kukuumiza, shirika linafaa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu lijue. Lakini litajuaje? Huwezi kuripoti kuvuja kwa fomu ambayo hujui ipo.

Kama kuna bosi anasoma hii akidhani ni maneno tu, arudi Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu moja ya burudani Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Hazikuwa kesi za fomu, lakini somo ni lile lile. Faini ilikuja kwa jina la taasisi. Kusema "ni kijana wetu wa mitandao alifanya" hakukuokoi.

Sasa, najua upande wa pili, na una hoja. Ukianza kudhibiti, kazi itakwama. Mtu anataka tu kujua nani atakula nyama na nani ni mboga kwa sherehe ya mwisho wa mwaka, halafu ati ajaze ombi, lisainiwe na watu watatu, asubiri wiki mbili. Manze, hapo hata mimi ningerudi kwa Gmail yangu. Udhibiti mzito haumalizi fomu za kichinichini, unazizalisha.

Kwa hivyo udhibiti uwe mwepesi. Kwanza, kila anayefanyia ofisi kazi, hata intani wa wiki nne, apewe akaunti ya ofisi, na fomu zote zitoke huko. Akiondoka, msimamizi anahamisha umiliki na maisha yanaendelea. Pili, kuwe na fomu za mfano zilizo tayari, moja ya warsha, moja ya maombi ya kazi, moja ya maoni, ambazo tayari zina maelezo ya kwa nini taarifa zinachukuliwa. Mtu mwenye haraka atachukua iliyo tayari kuliko kuanza upya. Tatu, ruhusa iombwe tu pale fomu inapotaka kitambulisho, afya, pesa, familia ama mambo ya watoto, na jibu litoke siku hiyo hiyo. Ya nyama na mboga iende bila kusumbua mtu. Nne, kuwe na orodha moja ya fomu zote zilizo hewani: nani ameitengeneza, ya nini, inafungwa lini. Siku ikifika, ifungwe, na kisichohitajika kifutwe.

 Ni utaratibu tu.

Na sisi tunaojaza tusikae tukingoja. Shuka hadi chini kabisa ya fomu ya Google kabla hujatuma. Iliyotengenezwa ndani ya akaunti ya shirika huwa na mstari unaosema imeundwa ndani ya shirika fulani. Fomu ikidai ni ya kampuni kubwa na mstari huo haupo, uliza. Haimaanishi ni utapeli, inamaanisha una swali. Ukiona inataka nywila ama PIN yako, hapo usiulize, toka. Na kama ni warsha ya siku moja, waulize kwa heshima wanataka nambari ya kitambulisho ya nini. Mara nyingi jina na simu vinatosha kabisa kukuhesabia mandazi.

Najua ni ngumu kuuliza maswali ukiwa ndiye unayetafuta nafasi. Unaogopa kuonekana msumbufu, linki inafungwa saa sita usiku, na wenzako 300 washajaza. Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kuachiwa kijana anayetafuta kazi. Yeye hana nguvu ya kukataa. Ofisi ndiyo inayo nguvu ya kupanga, na ndiyo iliyoomba hizo taarifa. Kama ni wakubwa vya kutosha kuniomba kitambulisho changu, wawe wakubwa vya kutosha kujua wamekiweka wapi.